Jinamizi Halina Jina

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 17. Nilikuwa nimelala chali chini ya neti, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu Kikambala, na saa ilikuwa kama tisa usiku. Macho yalikuwa wazi kabisa. Niliona neti ikitikisika kwa upepo wa dirishani, nikasikia bahari kwa mbali ikipiga kwenye miamba. Kila kitu kilikuwa mahali pake ila mwili wangu. Nikajaribu kuinua mkono, mkono haukuja. Nikajaribu kumwita mama, sauti ikaishia kooni. Halafu nikahisi godoro likibonyea upande wa miguu, vile linavyobonyea mtu akikaa, na kile kitu kikapanda polepole mpaka kifuani, kikatua hapo kama gunia la mahindi.

Kilikuwa kidogo. Kilikuwa kimejitanda nguo.

Naomba uyakumbuke hayo mawili, kwa sababu ndiyo pekee niliyoyaona. Sura sikuiona. Rangi sikuiona, kulikuwa giza. Sidhani kama ilifika hata dakika mbili. Kidole kimoja cha mguu kikacheza, mwili wote ukafunguka, nikajikuta nimekaa kitandani nahema na kulia.

Asubuhi nikasimulia jikoni. Mama alikuwa anapika mahamri, na shangazi yangu kutoka Mtwapa alikuwa amelala kwetu siku hiyo.

"Umekabwa na jinamizi," mama akasema bila hata kugeuka. "Si nimekwambia usilale chali?"

Kwa mama mambo yangeishia hapo. Lakini shangazi akavuta kigoda karibu nami.

"Alikuwa mwanamke ama mwanamume?"

"Sijui, shangazi."

"Kwani hukusema alijitanda? Mwanamume hujitanda?"

"Basi mwanamke."

"Kijana ama mzee?"

"Mzee, nafikiri."

"Mfupi?"

"Mfupi."

"Leso yake ya rangi gani?"

Nyuma ya nyumba yetu, ukivuka ua wa michongoma, aliishi mjane mmoja tuliyemwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama. Alikuwa akisuka makuti na kuuza. Alikuwa mfupi, kichwa chote mvi, na kila siku ya Mungu alijifunga leso moja nyekundu iliyopauka. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeiona leso hiyo imeanikwa uani.

"Nyekundu," nikasema.

Shangazi akamtazama mama. Mama akaendelea kugeuza mahamri. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Hakukuwa na haja.

*

Watu wakisikia kwamba mimi hukabwa, hutaka nisimulie usiku. Ati ulionaje? Ulikuwa na macho? Lakini kwangu mimi linalouma ni la asubuhi. Usiku sikutenda jambo lolote, nilitendwa tu. Jikoni ndiko nilikotenda.

Je, nilidanganya? Nimejiuliza miaka kumi sasa. Jibu rahisi ni hapana, maana wakati natamka "nyekundu" nilikuwa naiona kweli. Nikifumba macho, yule mtu wa usiku alikuwa na leso nyekundu, na naapa sikuwa naigiza. Shangazi hakuniambia niseme nini. Aliuliza tu, na kila swali likaongeza kipande ambacho usiku hakikuwepo: kwanza jinsia, kisha umri, kisha kimo, kisha rangi. Tulipofika mwisho tulikuwa tumeshona mtu mzima, na mtu huyo alifanana na jirani.

Lakini jibu rahisi halinitoshi. Swali la kwanza nililijibu "sijui", na hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli kwa maswali yote yaliyofuata. Nililitumia mara moja nikaliacha, kwa sababu uso wa shangazi ulikuwa unanyauka kila nilipositasita na kuchangamka kila nilipompa kitu. Nilikuwa nimeogopa mno, na nilitaka mtu mzima aniambie anajua ni nini. Nilimlipa kwa maelezo.

Kilichofuata hakikuchukua hata mwezi. Watoto walikatazwa kukatiza uani kwa Hawe. Waliokuwa wakinunua makuti kwake wakaanza kuagiza kwingine. Wapwa wa marehemu mumewe, ambao kwa miaka walikuwa wakinung'unika kuhusu kile kiwanja (na unajua bei ya ardhi ilivyo ukiwa karibu na ufuo), sasa wakapata neno walilokuwa wakilitafuta. Siku moja nikarudi shuleni nikakuta mlango wa Hawe umefungwa kwa waya. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, wameenda upande wa Kaloleni.

Hakuuawa. Nalisema mapema, kwa sababu mtu yeyote wa Kilifi akisoma hadithi kama hii huwa anasubiri panga litokee. Tumeshayasikia mno: mzee ameamka usiku kwa hodi asiyoitambua, na asubuhi ni polisi na mkusanyiko wa watu. Kuna wazee katika kaunti yetu wanaopaka mvi zao rangi nyeusi, na si kwa urembo. Kule Ganze kuna Kaya Godoma, mahali wanapohifadhiwa wazee waliokimbia nyumba zao baada ya kuitwa wachawi, wengine wakiwa wamekimbizwa na watoto waliowazaa wenyewe. Na mara nyingi, ukichimba chini ya neno "mchawi", unakuta shamba.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, na pamoja na mambo yake mengine ya kikoloni, inasema ni kosa kumtangaza mtu kuwa mchawi mitaani. Lakini hakuna sheria inayoweza kuingia jikoni ikamkamata msichana anayejibu maswali ya shangazi yake.

*

Nilikuja kujua jina la kitaalamu la hali yangu nikiwa chuo, Mombasa, kwenye simu, usiku, baada ya kukabwa tena. Kwa Kiswahili siku hizi huitwa kupooza kwa usingizi. Maelezo yake si magumu.

Usingizi una hatua, na kuna hatua moja ambayo ndoto nyingi hutokea, macho yakichezacheza chini ya kope. Katika hatua hiyo ubongo huzima misuli ya mwili, usije ukaamka ukakimbia kweli ndotoni ukajigonga ukutani. Ni ulinzi. Kwa baadhi yetu, baadhi ya siku, fahamu huamka kabla ya ulinzi huo kuondolewa. Unakuwa macho ndani ya mwili ambao bado umelala, na ndoto nayo haijamaliza kutoka chumbani. Misuli inayobaki kufanya kazi ni michache: ya macho, na kiwambo kinachovuta pumzi chini ya mapafu. Misuli ya mbavu imelegea, kwa hiyo ukijaribu kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, kifua hakiinuki. Ukihisi kifua hakiinuki, ubongo ulioshtuka unasema kuna kitu juu yake. Na ubongo ulioshtuka gizani hautafuti kiti wala gunia. Unatafuta mtu.

Wala si sisi wachache. Mwaka 2011 watafiti wawili, Brian Sharpless na Jacques Barber, walijumlisha tafiti 35 wakakuta kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa karibu 28 katika 100. Ukiwahi kulala bweni, hesabu vitanda.

Na kila mahali mtu huyo wa kifuani amepewa umbo. Japani humwita kanashibari, kufungwa kana kwamba kwa chuma. Newfoundland, Kanada, wavuvi wanamjua kama bibi kizee anayekalia watu vifua. Ethiopia kuna dukak, anayesemwa huwajia hasa watu waliozoea miraa wakaiacha ghafla. Mwaka 1781 mchoraji Henry Fuseli, London, alichora mwanamke amelala chali kichwa kikining'inia, na kijitu kimechuchumaa juu ya kifua chake. Nilipoiona picha hiyo kwa mara ya kwanza niliifunga simu. Halafu nikaifungua tena nikaitazama vizuri. Kijitu cha Fuseli hakikuwa na leso nyekundu. Mwanamke yule hakuwa na jirani Mgiriama.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

*

Kuna kisa cha karibu zaidi yetu. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Tanzania tangu ule mfumo urudishwe, hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walisimulia kuamka usiku hawawezi kusogea, wamegandamizwa na kitu, wengine wakasema wamedhulumiwa miili yao. Familia zilitoka nje zikalala pamoja uani, zimewasha moto, kila mtu akimlinda mwenzake. Kufikia hapo sioni kosa. Watu wanaogopa, wanakaa pamoja, wanasimuliana, asubuhi inafika. Nadhani hata ni tiba nzuri.

Lakini mjini Unguja kundi la watu lilimwona mgeni, likaamua ndiye, likamuua. Baadaye ikajulikana alikuwa mgonjwa wa akili aliyefika kutafuta matibabu.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, cha Unguja na cha jikoni kwetu, utaona vina maungio yale yale. Kwanza kuna kilichohisiwa: mwili haukusogea, kulikuwa na uzito, kulikuwa na mtu. Hicho ni cha kweli, na usikubali mtu akwambie ulijitungia. Pili kuna maelezo: jini, jinamizi, uchawi, ama ubongo. Hapo watu wanaweza kubishana mpaka kuche. Tatu kuna jina: ni fulani, anakaa pale. Hatua ya kwanza haikupi haki ya kuifikia ya tatu, hata ukiamini maelezo gani hapo katikati. Hata kama wachawi wapo, mimi sikuona sura.

Najua pingamizi. Rafiki yangu mmoja wa Takaungu, tunayefanya naye kazi, aliniambia: "Hizo habari zako za misuli zinaeleza vipi, haziniambii kwa nini mimi, kwa nini jana." Ana haki. Mtaalamu wa jamii E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande, aliandika juu ya maghala yanayoanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Swali lao lilikuwa jingine: kwa nini lianguke sasa hivi, na kwa nini juu ya hawa? Uchawi ulijibu swali hilo, ambalo mchwa hawalijibu.

Nimelifikiria sana jambo hili. "Kwa nini mimi" ni swali la binadamu, halifutiki kwa kusoma makala kwenye simu. Mtu aliyeamka saa tisa usiku akiwa na kifo kifuani ana haki ya kuuliza. Ninachokataa ni kwamba kila swali lazima lijibiwe kabla ya chai. "Kwa nini mimi" ikikaa bila jibu, anayeumia ni mimi, kwa kutojua. Ikipewa jibu la haraka, anayeumia ni mwingine, na kwa kawaida ni yule ambaye hakuna wa kumtetea: mjane, mgeni, mgonjwa, mzee mwenye shamba. Basi kuvumilia kutojua kumbe ni wajibu. Ni deni nililokuwa nalo kwa Hawe, sikulilipa.

*

Mwaka juzi nilienda kumwona. Nilipanda matatu mpaka Mazeras, nikaunganisha nyingine ya Kaloleni, halafu boda. Nilibeba sukari, majani ya chai na leso mpya, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kisayansi, sijui kwa nini, kana kwamba nyanya wa miaka themanini na kitu alikuwa ananisubiri nimweleze misuli ya mbavu.

Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, anasuka makuti. Nikapiga magoti nikamwamkia. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema nyekundu.

"Nilijua," akasema, mikono haikusimama. "Shangazi yako alikuja akaniambia mwenyewe, usoni."

Nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani hakunisikia.

"Nyumba yangu ilishabomolewa, mjukuu wangu. Samahani haiezeki."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei. Nami sikuwa na la kujibu, nikachukua kuti nikaanza kumsaidia, vibaya, akanirekebisha. Ndipo nikamweleza kwamba bado nakabwa, kwamba nimesoma, kwamba ni ugonjwa wa usingizi na hakuwa yeye kamwe. Akacheka kidogo.

"Mimi nakabwa tangu sijaolewa," akasema.

Nikaacha kusuka. Miaka yote tuliyoishi tukitenganishwa na ua wa michongoma, sisi wawili tulikuwa tunaamka gizani tukihema, kila mmoja kwake.

"Humwona nani, Hawe?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Sijamuuliza jina. Akiondoka naamka, naenda kuteka maji."

Sitaki kukudanganya kwamba tulikumbatiana. Leso aliipokea, akaikunja akaiweka kando. Wakati naondoka aliniambia nisafiri salama. Sijui kama amenisamehe, na hilo nalo ni kati ya mambo ninayojifunza kukaa nayo bila kuyajibia.

*

Sasa nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni, kwa zamu. Wiki za zamu ya usiku nakabwa hata mara tatu. Wiki za mchana labda sipatwi kabisa. Usingizi uliokatwakatwa ndio mwaliko mkubwa, pamoja na kulala chali, na wasiwasi. Mama alikuwa sahihi kuhusu kulala chali. Kwa hiyo nalala ubavu, na nimeweka mto nyuma ya mgongo usinirudishe. Nikitoka zamu asubuhi nafunika dirisha kwa kitambaa kizito na simu naiacha chumba cha pili. Kahawa naikomesha nikiwa na saa kadhaa kabla ya kulala.

Ikija bado, sipigani nayo. Kupigana ndiko kunakoleta uzito, maana unavuta pumzi ambayo kifua hakiwezi kutoa. Naiacha pumzi iende fupifupi inavyotaka, nahamisha mawazo yote kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, nakiomba kicheze. Macho nayafumba. Rafiki yangu wa Takaungu husoma Ayatul Kursi moyoni, na zamani nilimcheka. Siku hizi simcheki, kwa sababu naye anatoka huko salama kama mimi, na hakuna jirani yake aliyehama. Na kama wewe, juu ya kukabwa, unapatwa na usingizi wa ghafla mchana hata ukiwa kazini, au unaogopa kulala kabisa, nenda kamwone daktari. Wa kwanza aliniambia niache mawazo mengi. Wa pili alinisikiliza. Usikate tamaa kwa wa kwanza.

Lakini kitu nilichojifunza kwa shida zaidi ni cha baada ya kuamka. Ule muda ambapo mwili umefunguka, moyo bado unadunda, na kichwa kinakimbilia kumalizia picha. Hapo ndipo najizuia. Nakaa kitandani nataja nilichokipata tu: sikuweza kusogea, kulikuwa na uzito, kulikuwa na mtu. Naishia hapo. Hata ningeona kitu kama leso, siulizi rangi.

Wiki iliyopita ilinijia tena, karibu alfajiri. Mwenzangu wa chumba alisikia pumzi yangu ikibadilika, akanishika bega kama tulivyokubaliana, nikafunguka. Yeye ni mgeni wa mambo haya, alikuwa ameogopa kuniliko. Akawasha taa, akakaa kando yangu.

"Umeona nani?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia.

Akasubiri niendelee. Nikageukia ubavu, nikamwomba azime taa.